Fundi wa Blauzi

Akka alifariki mwezi uliopita, na wiki mbili baada ya kuchomwa mwili wake, kama ilivyo desturi yao, binti yake alitualika mimi na Nyambura twende Croydon, kusini mwa London, tukale chakula cha kumkumbuka. Tulikutana kituoni tukapanda tremu pamoja, wanawake wawili tuliokwisha kustaafu, Nyambura kajifunga kitambaa cheusi kichwani, mimi nimepakata bakuli la vitumbua lililofungwa kwa taulo. Akka ni neno la Kitamil, maana yake dada mkubwa, na tulimwita hivyo tangu siku ya kwanza kwa sababu hakutupa nafasi ya kumwita vingine. Alikuwa mwenye nyumba wetu. Pale sebuleni binti yake alikuwa ameanza kupanga vitu vya mama yake kwenye maboksi, na boksi moja karibu na mlango lilijaa kanda za video, zile nyeusi kubwa ambazo siku hizi hakuna mwenye mashine ya kuzichezesha. Nyambura aliinama, akaigeuzageuza moja, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Saida, si hii ndiyo ile ya fundi?" Jina lilikuwa limeandikwa kwa herufi za Kitamil, za mviringo kama vipande vya uzi uliokatwa. Sikuweza kulisoma wakati ule na siwezi leo. Lakini kanda niliijua. Nikavuta kiti nikakaa, watu wakipita na sahani zao, na mwaka ule wote ukanirudia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, sina hata miezi sita tangu nitoke Tanga, na nilifanya kazi ya usiku katika nyumba ya wazee. Nyambura, Mkenya, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa muuguzi hospitalini, naye zamu zake nyingi zilikuwa za usiku. Akka alikuwa mjane wa miaka arobaini na kitu, akifagia maofisi kuanzia alfajiri. Kwa hiyo sisi watatu usiku wetu ulianza saa tatu asubuhi. Nje watu wanakimbilia treni, watoto wamekwisha kwenda shule, na sisi tunavuta mapazia ya rangi ya chungwa, sebule nzima inakuwa kama ndani ya ganda la papai. Akka hakuvua kwanza koti lake la kazi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, na baada ya muda mfupi ungesikia haradali zikirukaruka kwenye mafuta na harufu ya majani ya bizari ikipanda ngazi mpaka vyumbani kwetu. Alitupikia vikate vya mchele uliosagwa na kuchachuliwa, vyeupe, laini, vya mvuke, na mara ya kwanza nilipovila nilitaka kulia, maana ulimi wangu ulidhani ni vitumbua na kisha ukakuta havina sukari. Tulikula juu ya magoti, miguu juu ya zulia, mikono ikinuka ukwaju. Halafu Akka alifuta vidole vyake kimoja kimoja, akachagua kanda.

Alikuwa na kanda nyingi, lakini moja aliirudia pengine mara mbili kwa wiki. Kwa miezi miwili mizima sikuiona kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwani usingizi ulinichukua pale pale kwenye kochi, nikaamka, nikalala tena, na filamu ikaingia ndotoni mwangu na ndoto zangu zikaingia kwenye filamu. Kilichonibakia ni hiki. Kuna fundi cherehani, kijana mwenye sauti ya chini na nywele zilizochanwa vizuri, anayeshona blauzi za kuvalia sari. Wanawake wanaingia dukani kwake. Anawapima bila kuwagusa. Utepe tu ndio unaowagusa, na yeye anaangalia kando kwa heshima. Anamsikiliza kila mmoja. Mmoja anacheka, mwingine analia, yeye anawapa maji kwenye bilauri. Kisha kunakuja wimbo, mvua, bustani, na mwisho blauzi inakuwa tayari, ya kijani, daima ya kijani, na mwanamke anaivaa na kulala, uso umetulia, fundi kakaa pembeni yake anamchana nywele. Sikujua hata neno moja la Kitamil. Nikadhani ni filamu ya mapenzi. Nitasema ukweli, nilimpenda yule fundi. Nilipokuwa nikiwageuza wazee kitandani usiku, au nikiwafuta midomo, nilimkumbuka anavyomsogezea mwanamke bilauri ya maji kwa mikono miwili, na nikajiambia kwamba mume wangu, atakapokuja, awe na mikono kama ile.

Asubuhi moja ya mvua nilibahatika kuwa macho. Nyambura alikuwa amekwisha kupanda kulala. Nikamwuliza Akka, "Huyu fundi ana wake wangapi? Kila mmoja analala kwake." Kati yetu tulizungumza Kiingereza, yeye cha kwao na mimi cha kwetu, na tulielewana kuliko tulivyoelewana na Waingereza. Akka alinigeukia, vidole vyake vimesimama juu ya sahani. Halafu akasema polepole, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Saida. Hawa hawajalala." Nikatazama tena kioo. Yule mwanamke wa kijani alikuwa na uso ule ule uliotulia, na fundi anamchana. Hakuna kilichobadilika katika picha, lakini mimi nilivuta miguu yangu juu ya kochi. "Wote?" niliuliza. "Sita," alisema Akka. "Na mtaa mzima unampenda."

Katika siku hizo hizo ndipo Edwin alipoanza kuja kumwona Nyambura. Alikuwa Mkenya mwenzake Nyambura, mfanyakazi wa ofisi, mwenye gari safi na viatu safi zaidi. Hakuja mikono mitupu hata siku moja. Alimletea Akka maua, mimi aliniletea unga wa sembe kutoka duka la Waafrika kule Peckham alikokaa, akaniita shemeji kabla hata mambo hayajawa mambo. Alikumbuka kila nilichomwambia. Nikitaja kwamba mgongo unaniuma, wiki ijayo ataniuliza, "Shemeji, mgongo umepoa?" Nani mwingine katika London nzima alijua kwamba nina mgongo? Nyambura alikuwa akishuka ngazi akiimba. "Anajua hata vile napenda chai yangu," aliniambia chumbani, amekaa kitandani kwangu akijipaka mafuta miguuni. "Sijawahi ona mwanaume kama huyu, Saida. Ananisikiliza mpaka naogopa." Tulicheka. Kwenye ukuta wa chumba changu kulikuwa na kalenda ya duka la sari, na kila nikikumbuka kicheko chetu cha siku ile namwona yule mwanamke wa kwenye kalenda akitutazama. Akka peke yake hakucheka. Edwin akija, alimkaribisha, akampa chai, akakaa naye, lakini nilimwona hamtazami usoni. Alimtazama mikononi.

Mambo hayakuharibika kwa kishindo. Kwanza Edwin alimchukua Nyambura kazini kila asubuhi, asipande basi amechoka. Hapo Nyambura akaacha kula na sisi. Kisha Edwin akamshauri asiwe anaongea sana na wenzake wa wodini, ni wasengenyaji. Pasipoti yake akamwekea yeye, isije ikapotea katika nyumba ya kupanga. Majira ya kuchipua yalipoanza, Nyambura alihamia kwake Peckham, kwenye flati iliyo juu ya saluni. Nilikwenda kumtembelea mara moja, tukakaa watatu, na nikimuuliza Nyambura swali Edwin ndiye anayejibu, kwa upole, akitabasamu, huku mkono wake uko juu ya goti la Nyambura. Mara ya pili nilipopiga simu, Edwin alisema amelala. Mara ya tatu, amelala. Nikamwambia Akka kwamba mapenzi mapya ndivyo yalivyo. Akka aliendelea kumenya vitunguu. "Anazijua shida zake zote sasa," alisema. "Alimpima vizuri." Nikakasirika. Nikamwambia si kila mwanaume mpole ni yule wa kwenye kanda yake, na kwamba filamu zimemwingia kichwani. Nilitoka jikoni nikijiona nimesema neno la akili.

Jumanne moja Nyambura alinipigia simu kutoka wodini, kwa haraka, kama mtu aliyeshika simu ya mwingine. "Jumamosi akienda kwa mkutano wake natoka. Nakuja kwa Akka. Usiambie mtu, Saida, mtu yeyote." Nikamwuliza amefanyiwa nini. "Nitakuambia," alisema, akakata. Alhamisi mchana Edwin akabisha hodi. Alikuwa na keki. Akka hakuwepo. Nikampikia chai, akakaa pale kwenye kochi, na kabla hajainywa machozi yakaanza kumtoka, kimyakimya, akiyafuta kwa kitambaa kilichopigwa pasi. "Nyambura hayuko sawa, shemeji," alisema. "Hakuli. Anaongea vitu hazieleweki. Naogopa atajiumiza, na mimi huku sina mtu wa kuniambia ukweli ila wewe." Akanyamaza, akinisubiri. Namna alivyosubiri! Hakunisukuma hata kidogo. Alinipa ukimya wake wote kama mtu anayekupa kiti. Na mimi, ambaye kwa miezi nilikuwa nimesikilizwa na mtu huyu tu, nilimhurumia. Nikamwambia asiogope, Jumamosi anakuja hapa kupumzika, sisi tutamtunza. Alinishukuru. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Keki ilikuwa ya ndimu, na baada ya yeye kuondoka nilikata kipande nikala.

Jumamosi Nyambura hakuja. Wala Jumapili. Jumatatu nilipiga wodini, wakaniambia mchumba wake alipiga simu kusema Nyambura amefiwa, amesafiri kwenda Kenya. Niliweka simu chini nikakaa kwenye ngazi ya mwisho, na Akka alipoingia akiwa bado na koti la kazi nilimwambia kila kitu, pamoja na Alhamisi na machozi na keki. Nilingoja anitukane. Hakunitukana. Aliingia sebuleni, akaiweka kanda kwenye mashine, akaisogeza mbele, mbele, mpaka mahali ambapo mimi daima nilikuwa nimelala. Pale dukani kwa fundi kulikuwa na mama mmoja mfagiaji, mwembamba, ambaye sikuwahi kumtilia maanani. Kazi yake ni kukusanya vipande vya nguo vilivyobaki sakafuni. Yeye ndiye aliyeanza kuhesabu: blauzi za kijani ngapi, wanawake wangapi hawakurudi. Anakwenda kituo cha polisi, wanamcheka. Anakwenda tena, wanamtoa nje. Mtu mwema kama yule? Anakwenda mara ya tatu. Na polisi mmoja, mzee mwenye tumbo, anaweka kikombe chake chini, anamsogezea benchi, na kumwambia kitu. Akka alisimamisha picha. "Anamwambia, kaa mama, anza mwanzo," alisema. "Hapa ndipo ninapopatazama. Pengine pote napitia tu ili nifike hapa."

Ndipo aliponisimulia habari za mdogo wake. Aliolewa na mwalimu ambaye alikuwa akimbebea mama mkwe kikapu kutoka sokoni mpaka mlangoni, na mtaa mzima ulisema familia imepata mkwe. Mara mbili mdogo wake alikimbilia nyumbani, mara mbili baba alimrudisha, kwa sababu mwalimu alikuja na kulia sebuleni. Mara ya tatu hakukimbia, alikutwa kisimani. Watu walisema ukingo ulikuwa na utelezi. Akka alikwenda polisi peke yake, akiwa na umri kama wangu, na waliomsikiliza walimwuliza ushahidi wake ni upi. "Sikuwa na ushahidi," alisema. "Nilikuwa namjua mdogo wangu tu." Akazima televisheni. Akavaa tena koti ambalo alikuwa ameanza kulivua mkono mmoja. "Twende Peckham," alisema.

Tulipanda basi, tukakaa juu mbele, na jua la mwezi wa tano lilituangukia usoni kwa namna ambayo London huwa inakudanganya kwamba hakuna baya linaloweza kutokea. Nakumbuka miti imechanua, mtu ananing'iniza nguo kibarazani, mimi natamani basi lisifike. Chini ya flati, saluni ilikuwa imejaa wanawake wanaosukwa. Mwenyewe, Mama Furaha, alikuwa mama wa Kikongo kutoka upande wa mashariki, na nilipomsalimu kwa Kiswahili aliacha kichwa alichokuwa akikisuka. "Kule juu iko mwanamke," alisema. "Miye nasikiaka anatembea, anatembea, mchana yote. Bwana yake anasemaka ni mgonjwa. Lakini mgonjwa gani anafungwa na kufuli?" Tulipanda. Kweli, mlango ulikuwa na kufuli kwa nje, jipya, linang'aa. Nikapiga magoti nikafungua kitundu cha barua. "Nyambura," nikaita. Kisha nikaona soksi zake zinakuja kwenye korido, polepole, zikasimama. "Ni wewe na nani?" aliuliza. "Ni mimi na Akka." Akakaa chini upande ule wa mlango, nilisikia mgongo wake ukigusa mbao. "Msiende," alisema.

Mama Furaha ndiye aliyepiga simu polisi. Alikuja askari mmoja, mtu mzima, mwenye mvi, akasimama nasi mlangoni mwa saluni na kuanza kuandika. Hajafika mbali, gari la Edwin likasimama. Alikuwa amerudi kula chakula cha mchana. Sijawahi kuona mtu akitulia hivyo. Alimsalimu askari, akatusalimu sisi, akamwuliza Mama Furaha kuhusu mwanawe kwa jina. Kwa Kiingereza kizuri kuliko changu mara kumi, alieleza kwamba mchumba wake ameugua akili, kwamba amejaribu kukimbilia barabarani, kwamba kufuli ni mapenzi, na kwamba sisi ni marafiki wema wenye wasiwasi. Nilimwona askari akianza kutikisa kichwa kukubali. Nilimwona akiifunga kalamu yake. Akka alifungua mdomo, na Kiingereza chake chote kikamtoroka. Akaanza kusema kwa Kitamil, haraka, machozi yakimtoka, na Edwin alimtazama kwa huruma, na kila aliyepita angedhani mwendawazimu ni Akka. Basi hapo ilibaki mimi. Na kitu pekee nilichokuwa nacho cha kusema ni aibu yangu.

"Si mgonjwa," nilisema. "Alinipigia simu Jumanne, akaniambia ataondoka Jumamosi. Akaniambia nisimwambie mtu. Huyu akaja nyumbani akalia, na mimi nikamwambia. Mimi ndiye niliyemwambia. Muulize hilo kufuli kalinunua lini." Askari aligeuka akamtazama Edwin. "Ulilinunua lini?" aliuliza, bila ukali. Na Edwin, ambaye alikuwa na jibu la kila kitu, alinitazama mimi kwanza. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayekumbuka kipimo alichokosea. "Ijumaa," alisema, na alipogundua amesema, akatabasamu. Askari akafungua tena kalamu, akanyoosha mkono kuomba ufunguo.

Nyambura alishuka akiwa amevaa soksi, bila viatu, akampita Edwin bila kumtazama, akaingia saluni na kukaa kwenye kiti cha kwanza alichokiona, na Mama Furaha akamfunika taulo mabegani kama mteja. Pasipoti ilipatikana kwenye droo ya Edwin. Kesi haikuwa kubwa kama tulivyotaka. Aliamriwa asimkaribie tena, na baadaye nilisikia amehamia mji mwingine, ameoa, na watu wa huko wanamsifu. Nyambura alilala katika nyumba ya Akka karibu wiki nzima, mapazia yamevutwa, mimi na Akka tukipanda ngazi kwa zamu na sahani. Siku alipoamka kweli aliomba ugali, tukamwekea na sambaru, mchuzi wa dengu wa Akka, kwa sababu hapakuwa na mboga nyingine, na alikula mpaka akajilaza sakafuni. Aliponiuliza Edwin alijuaje, nilisema sijui. Akka alikuwepo, anakunja nguo. Aliendelea kukunja. Hakunitazama, wala hakuwahi kulitaja neno hilo tena, siku hiyo wala miaka yote iliyofuata, tukiwa tumehama, tumeolewa, tumezaa watoto wanaotusikiliza kwa Kiswahili na kutujibu kwa Kiingereza. Nilijua ananiachia mimi nilitaje, na kila mwaka uliopita ulifanya neno lenyewe liwe zito zaidi.

Wageni walipoanza kutawanyika, binti yake Akka alituomba tumsaidie vyombo. Jikoni mle mle alimotupikia Akka, mimi nikaosha, Nyambura akapangusa. Dirisha lilikuwa wazi, kuna watoto wanacheza mpira kwenye bustani ya jirani. Nikajua kwamba sasa hayupo mwingine duniani anayelijua lile ila mimi, na kwamba nikinyamaza leo litakuwa limezikwa kabisa, nami nitakuwa nimemzika Nyambura nalo. "Nyambura," nilisema, mikono ndani ya povu, "ni mimi niliyemwambia Edwin. Ile Alhamisi. Alikuja akalia, nikamwambia Jumamosi unatoka."

Aliendelea kupangusa sinia. "Najua," alisema.

"Unajua? Akka alikuambia?"

"Akka hakusema kitu. Ni Edwin. Usiku ule ule alikuja akaniambia, 'Rafiki yako ndiye amenipa hiyo habari, na keki yangu akakula.' Alirudia kila siku. Alitaka nisikie vizuri."

Maji yalikuwa yakitiririka, nikayafunga. Nilimwuliza kwa nini basi, miaka yote hii, kwenye harusi yangu, kwenye hospitali alipokuja kunishikia mwanangu wa kwanza, kwa nini hakuniambia kwamba anajua. Na kwa nini aliniuliza siku ile.

"Nilikuuliza nione kama utasema. Hukusema. Nikaona uko na aibu, nikakuacha." Aliweka sinia juu ya nyingine, taratibu, zisigongane. "Lakini kukuchukia nilikataa. Nilikaa pale nyuma ya mlango siku tatu nikifikiria hiyo maneno. Nikaona, nikimchukia Saida, basi nimebaki na huyu peke yake. Na hiyo ndiyo alikuwa anataka."

Akanyoosha mkono, akaipokea sahani niliyokuwa nimeishika bila kujua, akaanza kuipangusa.